Hujambo, Koti Langu

Sijamaliza hata kulifunga vifungo koti langu la kwanza, nikaambiwa kwamba si langu.

"Nimelishona kwa vipimo vyangu mwenyewe," fundi alisema, akinizunguka huku ameng'ata sindano. "Wewe nakuazima tu. Ukifa nakuja kulichukua. Kwa hiyo usile sana ukalitanua, na usilalie."

Huyo alikuwa fundi cherehani wa barazani pale Iguguno, Mnyamwezi, mfupi, mpana, ambaye shingo yake sijawahi kuiona. Mimi ni Mnyiramba. Mnyamwezi na Mnyiramba ni watani tangu enzi za mababu, na vijana wa siku hizi wanaodhani utani ni kuchekeshana tu nawaomba wanivumilie kidogo. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, na ukinuna, wewe ndiye mjinga. Anaingia jikoni kwako anafunua chungu. Na ukifa, anakuja msibani anavaa nguo zako, anatembea kwa mwendo wako, anakohoa kikohozi chako, mpaka wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Hafukuzwi, ila hupewa kitu aondoke. Ndiyo haki yake. Huyu wangu alikuwa ameshachagua haki yake mapema, tena aliishona mwenyewe kwa mikono yake.

Koti lilikuwa la sufu nzito ya kijivu, la kuvaa wakati wa upepo wetu wa kiangazi, ule unaovuma mpaka kuku wanatembea upandeupande. Kitambaa nilikinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, zama za Mwingereza, picha ya malkia ikiwa bado inatutazama kutoka juu ya ubao. Tangu siku ile, kila nilipopita barazani asubuhi kwenda shuleni, fundi hakunisalimia mimi. Alilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akalitazama koti, akasema kwa heshima zote:

"Hujambo, koti langu?"

Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na huyo punda anayekubeba, hajambo?"

Nami nilijibu, "Halijambo. Linasema litajinyonga kwenye msumari kabla ya kuvalishwa pipa."

Ndivyo tulivyoanza siku zetu. Bila hivyo nilikuwa naona kama sijanawa uso.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana kwetu mwanamume wa nyumbani si sifa. Nilipopelekwa shule ya sekondari Tabora, wenzangu walikonda kwa masomo, mimi nilikonda kwa kukosa mlenda wa mama. Nilipomaliza darasa la kumi, wenzangu walikwenda Dodoma na Dar es Salaam kuwa makarani wa tai. Mimi niliomba shule ambayo mama yangu aliweza kuisikia kengele yake akiwa jikoni. Mke wangu alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kisimani, "Ninyi waume zenu wanatoroka nyumbani. Wangu mimi hata ukimfagia hatoki." Nilipenda kukaa karibu na mafiga jioni, nikisahihisha madaftari kwa mwanga wa moto, nikiambiwa sogea, nikisogea kidogo tu.

Basi kikohozi kilipoanza, nilikipa visingizio vyote ambavyo msomi anaweza kuvipata. Nilisema ni chaki. Shule ilipofungwa na chaki ikakaa kabatini, nikasema ni upepo. Upepo ulipotulia, nikasema ni pilipili, ingawa nyumbani kwetu pilipili haikuwahi kuingia. Alfajiri niliamka shati limelowa kama nimevuka mto. Nikasema ni blanketi. Koti nalo lilianza kuning'inia mabegani, na fundi aliliona hilo kabla ya mke wangu.

"We mtumwa," aliniambia, "mbona unalilegeza koti langu? Kula. Au chakula cha mwalimu kinaliwa na wanafunzi?"

Siku ya damu nilikuwa darasani. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, na kikohozi kikanishika nikiwa nimewapa mgongo. Niliitazama leso, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaendelea kuandika hesabu ubaoni mpaka mwisho. Nakumbuka nilikosea jibu na hakuna mtoto aliyesema. Nyumbani mke wangu aliikuta leso wakati wa kufua. Hakupiga kelele. Alijifunga kanga, akanitupia koti, akasema, "Vaa. Tunakwenda kwa dresa."

Dresa wa zahanati alinisikiliza kifua, akatutuma hospitali ya misheni, safari ya lori ya kutwa nzima. Huko walinitemesha makohozi kwenye kikopo, wakayapeleka kwenye darubini, na jibu likaja kwa jina ambalo sote tulilijua: kifua kikuu. Niliambiwa nirudi nyumbani kufungasha, nilete na mtu wa kunipikia, maana nitalala huko kwa muda mrefu. Muda mrefu kiasi gani, hawakusema. Kwetu hakukuwa na mtu aliyewahi kupewa jina hilo akarudi kwa miguu yake. Walisema kuna dawa mpya ya sindano. Ilikuwa mpya mno, haijapata mashahidi.

Kile nilichokikuta kijijini ndicho kilichonitisha zaidi: watu walianza kunipenda. Mwalimu mkuu, ambaye hatukuwahi kupatana, aliniita ndugu yangu. Jirani aliyekuwa akinicheka kwamba nimeolewa na jiko langu aliniletea maziwa, akayaweka mlangoni, akasema pole, akarudi kinyumenyume. Mke wangu aliniacha nikae karibu na mafiga siku nzima, hakuniambia sogea. Nilikaa pale nikiungua magoti, nikimngoja aniambie.

Lakini nilikuwa bado nina tegemeo moja. Lori la kwenda upande ule lilikuwa linapakia vitunguu mbele ya duka, hatua chache kutoka kwa cherehani la fundi. Nilivaa koti langu, nikalinyoosha kola, na njiani nilikuwa nimeshaandaa jibu. Akisema koti langu hujambo, nitamwambia linakwenda kutafuta bwana mwingine, Mzungu, mrefu.

Fundi alituona tukija, mimi na mama, aliyekuwa anakwenda kunipikia. Alilisimamisha gurudumu. Akasimama. Kisha akavua kofia yake ya mkeka, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Mungu akusaidie."

Nilingoja. Nilimgeuzia hata bega, alione koti vizuri. Aliangalia chini, kwenye vumbi, akarudia, "Pole sana."

Nilipanda juu ya vitunguu nikijua habari zangu zote. Mtani ana haki ya kutania kila kitu, isipokuwa kile kilichokwisha amuliwa. Fundi alikuwa amepima watu wengi kuliko daktari yeyote, na sasa amenitazama mara moja akaona maiti. Nilimwambia mama, "Umeona?" Mama alisema, "Nimeona nini? Shika kamba, utaanguka."

Wadi ya kifua ilijengwa mbali kidogo na wadi nyingine, na madirisha yake yalikuwa wazi mchana na usiku kwa ajili ya hewa. Hewa ya kwetu haihitaji kualikwa. Tulilala tumejifunika mpaka puani, kila mmoja na kikopo chake cha makohozi chini ya kitanda. Asubuhi sindano, na baada yake dawa ya unga iliyokuwa chungu mpaka masikio yanasikia. Koti langu nililitundika kwenye msumari juu ya kichwa, maana hakukuwa na mahali pengine. Msimamizi wa wadi alikuwa sista wa Kizungu aliyejifunza Kinyiramba kabla ya Kiswahili, kwa hiyo alipotugombeza kwa Kiswahili alisikika kama shangazi zangu. Amri yake kubwa ilikuwa moja: lala. Usitembee, usibishane, usicheke kwa nguvu, mapafu yapumzike. Kwa amri hiyo mimi nilikuwa mgonjwa bora. Sikuwa na la kunichekesha.

Mama alilala kwenye banda la wapishi na wanawake wengine waliokuja na wagonjwa wao. Aliniletea ugali wa uwele na mlenda, akakaa nje ya dirisha akinitazama nikila. Nilikula tonge la kumridhisha, nikasema nimeshiba. Hakubisha. Mama huyuhuyu, ambaye tangu utoto wangu aliniambia mimi ni mvivu wa kutafuna, sasa alisema, "Haya, mwanangu, pumzika."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee wa Mgori, mlina asali. Mizinga yake ilikuwa juu ya miti msituni kwao, na kila asubuhi aliitembelea kwa mdomo. "Leo napanda ule wa kwenye mninga," alisema, akikohoa. "Ule una nyuki wakali, lakini ndio wenye asali nyeupe." Alinyanyua mkono mwembamba kama fimbo, akaufukuzia nyuki. Alikuwa mgonjwa kuliko mimi, kila mtu aliliona hilo, isipokuwa yeye. Aliniahidi kibuyu.

"Nitakufikishiaje?" aliniuliza.

"Ulete kaburini, mzee."

"Kaburini siji. Nyuki hawapendi watu wavivu." Alinigeukia. "Mwalimu, wewe nyumbani umeacha nini kinachokungoja?"

Nikamsimulia habari za koti, na mtani wangu, na pole aliyonipa. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni Mnyaturu, nao wana watani wao, alijua uzito wake.

"Hilo ni baya," alisema. "Lakini labda alikuwa anaumwa jino."

Nilikaribia kucheka. Mzee alikufa wakati mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, alfajiri, bila kelele. Mwanawe alikuja kumchukua, akamfunga kwenye mkeka wake. Kitanda kikapakwa dawa, kikaanikwa juani, kikarudishwa pale pale pembeni yangu kikiwa kitupu.

Basi nikafanya hesabu, na safari hii nilidhani sijakosea. Ikiwa yule aliyekuwa na matumaini ya kugawia wadi nzima amekwenda, mimi ambaye sina hata ya kuazima ninangoja nini? Kama ni kufa, nilitaka kufa nikiisikia kengele ya shule yangu, magoti yangu yakiwa karibu na moto. Mama alipokuja na bakuli dirishani nilimwambia, "Lori la vitunguu likija, tunaondoka."

"Sindano hazijaisha, mwanangu."

"Sindano zinamtafuta mtu aliye hai. Mama, hata fundi alijua. Yule ana mdomo wa kumtukana hata Bwana Shauri wa wilaya. Kama yeye alivua kofia, basi kazi imekwisha. Wewe hukuona koti lake hakulisalimia?"

Mama aliyekuwa akinimegea ugali aliacha mkono hewani. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyesikia mbuzi wake analia shambani kwa jirani. Akauliza polepole, "Hilo ndilo linalokuua?"

"Kifua ndicho kinachoniua. Hilo ndilo lililoniambia."

Alinawa mikono. "Lori likija leo, lisituchukue leo," alisema. "Nina uchovu wa mifupa. Tungoje lirudi safari nyingine."

Mama kuomba mapumziko ni jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, kwa hiyo nilikubali. Jioni ile nilimwona kwa mbali akizungumza na dereva kwa muda mrefu, akimwonyeshea kidole kifuani. Nilidhani anapatana nauli ya kubeba maiti mtarajiwa.

Lori liliporudi, vitu vyangu vilikuwa tayari vimefungwa ndani ya shuka chini ya kitanda, na koti tu ndilo lilibaki kwenye msumari. Nilisikia breki, nikasikia watu wakishuka, kisha nikasikia kuku. Wadi ya kifua haina kuku. Sauti ikaja inakaribia barazani, na mwendo mzito nyuma yake, na fundi akaingia mlangoni amembana kuku mwekundu kwapani.

Hakunitazama. Alipita kitanda changu kama anapita gogo, akasimama chini ya msumari, akainua uso.

"Hujambo, koti langu?" alisema. Akashika upindo, akapapasa bitana kwa kidole gumba. "Wanakutunza? Vumbi tupu. Na huyu mzigo, tangu miezi ile yote, bado hajakuachia?"

Nililitafuta lile jibu nililoliandaa njiani siku ile, nikalikosa.

"Amekuwa bubu?" fundi alimwuliza mama, aliyekuwa amesimama dirishani. "Mama, mbona umenitoa kwenye kazi zangu kuja kumtazama bubu?"

Sista aliingia kwa haraka. Aliwatazama wote wawili, fundi na kuku, na nadhani hakujua aanze na nani. "Wewe ni nani wa mgonjwa huyu?"

"Mrithi wake."

"Na kuku?"

"Kuku narudisha. Ni rushwa."

Akamweka kuku sakafuni, miguu imefungwa, akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Unamwona mama yako huyu? Mpole, anakwenda kanisani. Wiki ile ulipotoka hospitali mara ya kwanza alikuja barazani kwangu usiku usiku, kabeba jogoo. Akasema, baba, mwanangu anaumwa ugonjwa mzito, moyo wake mwepesi, nakuomba usimtanie, maneno ya mtani yasije yakamtangulia. Wewe unajua utani una sheria. Ukipewa kitu unyamaze, unanyamaza. Nilimla yule jogoo. Tangu siku ile kila suruali ninayoshona inatoka mguu mmoja mrefu."

Mama alikuwa ameinamia kizingiti cha dirisha. "Nilidhani nakupumzisha, mwanangu," alisema. "Nilidhani wewe na moyo wako wa nyumbani utavunjika."

Nikamwuliza fundi, "Kwa hiyo siku ile uliponivulia kofia, hukuona maiti?"

"Maiti gani?" Fundi alishangaa kweli. "Mimi nilimwona jogoo. Mnono, ana mafuta mpaka mkiani. Nilikuwa naangalia chini kwa sababu nilikuwa nimeshashiba na ulimi unaniwasha."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka vibaya, kwa kifua kibovu, nikakohoa, nikacheka tena, na wagonjwa wa upande wa pili wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Sista alisema kimya, mapafu, mapafu. Fundi akamwambia mama, "Sasa amekuwa fisi. Bora bubu."

Nilipopata pumzi nikamwonyesha furushi chini ya kitanda. "Nilikuwa naondoka na lori hilohilo."

"Haiwezekani. Lori lina vitunguu na lina mimi. Hakuna nafasi ya maiti." Akavua futi yake ya kupimia, ile ya kitambaa aliyoivaa shingoni siku zote, mahali ambapo wenzake wana shingo, akaja kunipima.

Sista alimzuia. Wageni hawagusi wagonjwa wa kifua, hiyo ndiyo sheria ya wadi. Fundi aliifikiria sheria hiyo, akaona ina haki, akampa sista futi. "Basi nipimie wewe, mama. Kifua. Pitisha chini ya kwapa. Usilegeze, huyu ni mwongo, atajaza pumzi."

Na yule sista, ambaye hatukuwahi kumwona meno, alinipima. Alisoma namba. Fundi aliguna kama mtu aliyeonyeshwa panya ndani ya unga. Alilishusha koti kwenye msumari, akalitandaza juu ya kile kitanda kitupu cha mzee wa Mgori, akatoa kipande cha chaki, akachora mstari mrefu kila upande, ndani kabisa, mbali na mshono.

"Njoo uone kwa macho," alisema, akiliinua mbele yangu. "Kwenye chaki hapa ndipo ulipo wewe. Kwenye mshono pale ndipo mwisho wa koti. Hii nafasi yote katikati ni mali yangu unaichezea. Mimi mwenyewe ni mpana, nataka koti lililokaa vizuri, sitaki lililozoea mabega ya kuku. Kwa hiyo utakula, utalala, utachomwa hizo sindano, mpaka ufike kwenye mshono. Ukishafika, kufa ukipenda, nitumie habari. Kabla ya hapo huna ruhusa yangu."

Alilirudisha kwenye msumari, mistari ya chaki ikinitazama. Akamwambia mama apike kuku, maana haiwezekani kumrudishia mtu rushwa yake bila mchuzi. Jioni ile mama alileta bakuli dirishani. Nilikula paja, nikaacha. Mama alinitazama.

"Kwani hilo ni la nani?" alisema. "Tangu utoto wako mvivu wa kutafuna. Maliza."

Nikamaliza.

Sitaki mtu asome haya akadhani utani unatibu kifua. Zilizonitibu ni zile sindano na ule unga mchungu, na amri ya kulala, na Mungu juu ya yote. Tena sikupona kwa mstari ulionyooka. Baada ya fundi kuondoka damu ilirudi, na kuna asubuhi nilizolitazama lile koti nikaligeuzia mgongo. Namfikiria sana mzee wa Mgori. Alikuwa na matumaini kuliko mimi, na alikufa, na sina hesabu ya kulieleza hilo. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi aliyopewa aliipandia mti. Mimi asubuhi zangu nilikuwa nazingojea ziishe. Kitanda kile kilipopata mgonjwa mwingine, kijana aliyejifunika kichwa asitake kuongea na mtu, nilimwuliza nyumbani ameacha nini kinachomngoja. Akasema ng'ombe. Nikamwambia anihesabie mmoja mmoja, kwa rangi.

Sista alipotupima kwenye mizani, nilimwomba ruhusa nivae koti. Alikataa mara ya kwanza. Baadaye akawa analishusha mwenyewe, akanivalisha, akavuta kitambaa ubavuni kuona chaki imefika wapi. Mistari ilikuwa inafutika, akaichora upya kwa chaki yake, palepale. Siku moja hakuchora. Alivuta, akatafuta pa kuvuta, hapakuwepo.

Darubini ilipoyakuta makohozi yangu safi, na ikayakuta safi tena, niliruhusiwa. Mama alipanda mbele na dereva. Mimi nilisimama nyuma juu ya magunia, upepo ukinipiga, vifungo vyote vimefungwa. Nilikuwa na jibu. Njia nzima nilikuwa nalinoa: nitamwambia koti limesoma sasa, limekaa na Wazungu, halisalimiani na mafundi wa barazani.

Lori liliposimama mbele ya duka, cherehani lilikuwa linalia. Nilishuka mwenyewe. Nilitembea mpaka barazani kwa miguu yangu, na watu waliokuwa dukani wakarudi nyuma kidogo, kwa kuwa walikuwa wameshanililia. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni na watoto, amevaa ile kanga ya kwenda kwa dresa. Hakunikimbilia. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Ukifika nyumbani usinikalie jikoni."

Fundi alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. Hakuvua kofia. Aliinuka, akanizunguka taratibu, akavuta kitambaa ubavuni, akakuta kimejaa, akapiga bega moja, akapiga la pili. Kisha akarudi mbele, akaliangalia kwa heshima zote.

"Hujambo, koti langu?"

Nilifungua mdomo nitoe lile jibu. Halikutoka. Kilichotoka ni machozi, mbele ya duka zima, mwalimu mzima aliyemaliza darasa la kumi, yakishuka mpaka kwenye kola.

Fundi alichukua kipande cha kitambaa kutoka mezani, akanipa.

"Usililowanishe," alisema. "Sufu ikilowa husinyaa."